Kitabu cha Wagonjwa

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Tabora.
Baridi ya Juni imekaa kwenye vifungo vya kombati,
nami niko foleni, mlangoni pa zahanati ya kambi.
Karani ana kitabu cha mistari mirefu:
namba, cheo, jina, unaumwa nini.

Mara ya kwanza niliandika mgongo.
Mara ya pili, mgongo tena;
nikapewa vidonge vyeupe na siku mbili za kazi nyepesi,
nikapaka chokaa mawe ya njia ya bendera.
Mgongo wangu ni mzima.

Nilikwenda ng'ambo.
Si Ng'ambo hii ya mjini, wanapouza asali kwenye chupa za soda;
ng'ambo ya mpaka, miezi kumi na mitatu,
kofia ya buluu, mvua isiyojua kukoma.
Nimerudi na vyote: mikono, miguu, posho,
godoro jipya la Kalunde.
Luhende hakurudi na kitu.
Nilimfunika kwa turubai la lori,
na kilichogoma kunitoka masikioni si risasi,
ni pete za lile turubai zikigonga bodi njia nzima,
ti, ti, ti.

Sasa kwangu mifuniko ya sufuria imevishwa vitambaa.
Kalunde hakuuliza. Alikata kanga yake kuukuu,
akashona usiku mmoja, kimya.
Lakini nani atalivisha kitambaa behewa?
Stesheni wakipanga, ya Mwanza huku, ya Kigoma kule,
chuma kinapiga chuma,
nami najikuta uvunguni, shavu kwenye saruji,
na mwanangu Mihayo ananimulika kwa tochi ya simu:
"Baba, umepoteza nini?"

Niliogopa, sikatai.
Kwamba bunduki itachukuliwa, niachiwe ufagio.
Kwamba alama ya tatu haitashonwa mkononi.
Kwamba kantini watanyamaza nikiingia,
kisha mmoja aseme polepole, huyu naye.
Babu wa babu yangu alibeba pembe hadi pwani,
na sifa yake kwetu ni kwamba hakulalamika.
Hakuna anayesimulia vituo vya njiani,
alipotua mzigo akakaa chini.
Lakini alitua. Lazima alitua.

Wiki iliyopita nikavaa kiraia,
nikapita lango la hospitali ya mkoa mara tatu
kama mwizi anayepima ukuta.
Mara ya nne nikaingia.
Daktari Nyamizi, mfupi, kandambili miguuni.
Nikampigia saluti; mkono ulikwenda wenyewe.
"Mimi si afande," akasema. "Keti. Unalala?"
"Ndiyo, afande."
Akasubiri.
Nje mtu alikuwa akinadi karanga.
"Hapana," nikasema,
na neno hilo dogo likanitoa jasho
kuliko kilomita ishirini na mzigo.
Akasema tiba ipo, ni ya kwenda na kurudi,
haina haraka kama sindano,
ila nilete karatasi ya kambini.

Ndiyo maana niko hapa.
"Mgongo, koplo?" Karani ameshaanza kuandika m.
"Futa," nasema. "Lete kalamu."
Naandika mwenyewe, herufi za darasa la pili:
SILALI. NAOGOPA MLIO WA CHUMA.
NAOMBA KWENDA KWA DAKTARI WA AKILI.
Maneno yamevuka mstari wangu,
yameingia nafasi ya mtu wa chini.
Karani anasoma, anarudia kusoma,
anatafuta muhuri ulio mkononi mwake.

Mtu wa chini ni kijana wa Nzega,
hata mwaka hajamaliza jeshini, kashika kiuno.
Anatazama nafasi yake iliyojaa maneno yangu.
Kiuno anakiachia.
"Koplo," ananong'ona, "huyo daktari
anakuwepo siku zipi?"